Rimu ya Baiskeli Juu ya Paa: Majibu ya Maswali Yenu kuhusu Antena

Tulipoandika kuhusu ununuzi wa ving'amuzi, tulitegemea wasomaji watuulize juu ya bei na vifurushi. Badala yake, barua nyingi zilizofika zinahusu kilicho juu ya paa: mianzi, mifuniko, nyaya na rimu. Tumechagua barua sita, na ile ya kwanza tumeipa nafasi kubwa kwa sababu swali lake limejirudia katika barua nyingine kadhaa.

*Ndugu Mhandisi, jirani yangu hapa Tanga amefunga juu ya mwanzi rimu ya baiskeli, mifuniko miwili ya sufuria na waya wa shaba, na anapata chaneli nyingi kuliko mimi niliyenunua antena mpya dukani. Je, rimu inashinda antena ya dukani? (Msomaji, Tanga)*

Rimu haina uwezo wa ajabu, ila jirani yako naye si wa kuchekwa. Metali yoyote inayokutana na mawimbi ya redio hupitisha mkondo mdogo wa umeme, kwa hiyo hata waya wa kuanikia nguo ni antena kwa kiasi fulani. Kinachotenganisha antena nzuri na mbaya ni vipimo vyake vikilinganishwa na urefu wa wimbi. Ukitaka kujua urefu huo kwa mita, gawanya 300 kwa masafa ya kituo yaliyoandikwa kwa megahezi: kituo cha megahezi 200 kina wimbi la mita 1.5, na cha megahezi 600 kina wimbi la nusu mita. Antena iliyo rahisi kuliko zote ni vijiti viwili vilivyonyooka katika mstari mmoja, vikiachana kidogo katikati pale waya unapounganishwa, nayo hufanya kazi vizuri urefu wake wote unapokaribia nusu ya wimbi, yaani sentimita 71 hivi kwa megahezi 200 na sentimita 24 tu kwa megahezi 600.

Sasa tuipime rimu. Rimu ya baiskeli kubwa ya inchi 28 ina kipenyo cha sentimita 63 hivi, na kwa hiyo mzingo wake ni karibu mita 2. Pete ya metali hupokea vizuri pale mzingo wake unapolingana na wimbi zima, na wimbi la mita 2 ni la megahezi 150, si mbali na masafa ya VHF ya megahezi 174 hadi 230 ambayo televisheni ya analojia iliyatumia kwa miaka mingi. Fundi wa mtaani aliyeikata rimu mahali pamoja, akafunga waya wa antena kwenye ncha mbili zilizoachana, alikuwa ametengeneza antena inayoeleweka kabisa hata kama hakuwahi kushika kitabu cha fizikia. Aliyefunga waya mmoja tu kwenye rimu nzima, kama wengi wanavyofanya, alitengeneza kitu kingine ambacho hupokea kwa bahati.

Tatizo ni kwamba matangazo mengi ya dijitali siku hizi yako kwenye UHF, kuanzia megahezi 470 kwenda juu. Huko, mzingo wa rimu ile ile una mawimbi matatu au zaidi ndani yake, nayo hupokea vizuri kutoka pande ambazo hakuna aliyezichagua na vibaya kutoka pande nyingine. Ukiizungusha kidogo tu, chaneli zinaondoka. Wengi husema rimu “ina kichwa kigumu”, na kwa hakika hilo ndilo wanalolieleza.

Mifuniko ya sufuria ina habari yake. Mfuniko uliofungwa pembeni bila mpangilio haufanyi chochote cha maana, na wala haukusanyi mawimbi kama dishi la setilaiti, kwa kuwa hauna umbo la bakuli lenye kina kinachotakiwa na ni mdogo mno kwa mawimbi ya urefu huu. Lakini bamba la metali likiwekwa nyuma ya kijiti kinachopokea, kwa umbali wa karibu robo ya wimbi, ambayo kwa megahezi 600 ni sentimita 12 na nusu, hurudisha mbele mawimbi yaliyopita na kuzuia yale yanayotoka nyuma. Hiyo ndiyo kazi ya kimia cha nyuma kwenye antena nyingi za UHF zinazouzwa madukani. Ikiwa mifuniko ya jirani yako imekaa hivyo, basi inamsaidia, na ningependa kumjua aliyeifunga.

Antena ya dukani yenye vijiti vingi vilivyopangwa kama mfupa wa samaki ilibuniwa nchini Japani katika Chuo Kikuu cha Tohoku, na ikaelezwa hadharani mwaka 1926 na Shintaro Uda na Hidetsugu Yagi. Kijiti kimoja tu ndicho kilichounganishwa na waya. Kilicho nyuma yake ni kirefu kidogo na hurudisha mawimbi, na vilivyo mbele ni vifupi kidogo na huyaelekeza. Milimita chache zina maana hapo, ndiyo maana antena iliyopinda vijiti kwa kukaliwa na kunguru haiwi tena ile uliyoinunua.

Kwa nini basi jirani anakushinda? Nadhani jibu haliko kwenye rimu. Huenda mwanzi wake umepita juu ya miembe na mapaa ya mabati ambayo antena yako inayatazama usoni. Huenda antena yako imeelekezwa kwenye mnara usio sahihi. Huenda pia vijiti vyako vimelala huku mnara unarusha mawimbi yaliyosimama, au kinyume chake, kosa ambalo peke yake linaweza kukupotezea sehemu tisini na tisa katika mia ya nguvu ya mawimbi. Fanyeni jaribio la ujirani mwema: pandisheni antena yako kwenye mwanzi wake, kwa waya wake na king'amuzi chake. Ikiwa chaneli zote zinabaki, tatizo ni mahali antena yako ilipo, au waya wako au king'amuzi chako. Zikipotea, irudishe dukani.

*Mhandisi, mimi ni mzee mstaafu wa Upanga, Dar es Salaam. Kabla ya Bara kuwa na televisheni, tulifunga antena juu ya mianzi mirefu tukazielekeza Zanzibar. Jioni nyingine picha ilikuwa safi kabisa, na siku ya pili ni chenga tupu. Wavuvi walituambia ni bamvua. Je, maji ya bahari ndiyo yaliyotuharibia picha? (Mzee wa Upanga)*

Shikamoo mzee wangu. Barua yako imetukumbusha historia ambayo vijana wengi hawaijui: kwamba Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mapema katika miaka ya 1970, ilhali Tanzania Bara ilisubiri hadi mwaka 1994 kupata vituo vyake. Mliofunga mianzi hiyo mlikuwa mnashindana na umbo la dunia, na inafaa tuone mlikuwa mmekosa kiasi gani.

Mawimbi ya televisheni husafiri karibu katika mstari ulionyooka, yakipinda kidogo tu kuufuata uso wa dunia. Ili kukadiria mpaka wake kwa kilomita, chukua kipeuo cha pili cha kimo cha antena kwa mita, ukizidishe kwa 4.12, kisha ufanye vivyo hivyo kwa antena ya upande wa pili na ujumlishe. Tuseme antena ya kurushia iko mita 100 juu ya bahari: hiyo inatoa kilomita 41. Mwanzi uliosimama juu ya paa na kufikisha mita 15 unaongeza kilomita 16. Jumla ni kilomita 57, na kutoka mjini Zanzibar hadi Dar es Salaam ni zaidi kidogo ya kilomita 70. Ndugu zenu wa Bagamoyo, walio kilomita 45 hivi kutoka mji huo, walikuwa ndani ya mpaka bila taabu, na ninyi mlikuwa nje yake. Hata mngeongeza mwanzi ukafika mita 30, kilomita mnazopata ni 6 au 7 tu, kwa sababu ya hicho kipeuo.

Nje ya mpaka huo hali ya hewa ndiyo hakimu. Siku za shwari, tabaka la hewa kavu na yenye joto linaweza kulala juu ya hewa yenye unyevu iliyo karibu na bahari, na mawimbi ya redio yanayopita kati ya bahari na tabaka hilo hupindishwa chini tena na tena, yakafika mbali kuliko hesabu yetu inavyoruhusu. Upepo mkali unapovuma, hewa huchanganyika, tabaka huvunjika, na picha huondoka nalo. Ndiyo maana siku tulivu za kati ya kaskazi na kusi zilikuwa na nafasi nzuri kuliko siku ambazo kusi inavuma kwa nguvu. Wasomaji wetu walioko Muscat na Dubai wanalijua jambo hili kwa sura nyingine, kwani Ghuba ni miongoni mwa sehemu za dunia ambako hali hiyo hutokea kwa nguvu sana wakati wa joto, hata vituo vya redio vya FM vya nchi jirani, vilivyo mamia ya kilomita, vikaingiliana na vya nyumbani.

Na bamvua? Wavuvi hawakukosea kabisa. Sehemu ya mawimbi hugonga uso wa bahari na kuruka kuja kwenye antena, ikikutana na yale yaliyokuja moja kwa moja. Maji yanapopanda au kushuka, namna makundi hayo mawili yanavyoongezana au kufutana hubadilika. Lakini kwa antena zilizo chini kama zenu, badiliko la mita 3 au 4 za maji lina athari ndogo. Lingeweza kuongeza chenga kidogo kwenye picha ambayo tayari ilikuwa dhaifu, si kuigeuza kutoka safi hadi tupu. Mimi ningeilaumu hewa kwanza.

Jambo moja limebadilika tangu siku hizo, nalo si zuri kwa mtu anayependa kuelekeza antena kwa mkono. Katika analojia, chenga zilikueleza hali: zikipungua, ulijua unakaribia upande sahihi, na mtoto aliyesimama dirishani aliweza kukupigia kelele “hapo hapo!”. Dijitali, iliyoanza kuchukua nafasi yake Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ilipozimwa, hurekebisha makosa yake yenyewe mpaka uwezo huo unapokwisha. Picha hubaki safi huku mawimbi yakiendelea kudhoofika, kisha kwa badiliko dogo tu huvunjika vipande vya mraba, huganda na kutoweka. Ukiwa juu ya paa, mwambie aliyeko ndani afungue ukurasa wa king'amuzi unaoonyesha nguvu na ubora wa mawimbi, akusomee ule wa ubora. Nguvu inaweza kuwa kubwa huku ubora ukiwa sifuri, kwa sababu kipimo cha nguvu huhesabu hata kelele, yaani mawimbi mengine yasiyotakiwa.

*Televisheni yetu hapa Malindi huganda kila mvua inaponyesha, na hatutumii dishi bali antena ya kawaida. Fundi anasema mvua inazuia mawimbi. (Mama wa watoto wanne, Malindi)*

Mama, fundi wako anasema kweli kuhusu dishi, si kuhusu antena yako. Mawimbi ya setilaiti yanayotumiwa na madishi madogo ni mafupi sana, takribani sentimita 2.5, na matone makubwa ya mvua huyamaliza. Mawimbi ya antena ya kawaida ni marefu mara ishirini hivi, nayo hupita kwenye mvua karibu bila kuguswa. Kwa hiyo mvua inayoigandisha picha yako imeingia mahali isipotakiwa.

Anza kwenye sanduku dogo la plastiki lililo katikati ya antena, pale waya unapofungwa. Kwa miji ya pwani, chumvi ya hewani huigeuza shaba kuwa ya kijani, na skrubu ya chuma iliyokazwa kwenye alumini huila alumini hiyo polepole. Kisha tazama waya wenyewe. Ganda jeupe likiachwa kwenye jua la Malindi hupasuka, maji huingia na kushuka ndani ya wavu wa shaba hadi kwenye televisheni. Nimeona maji yakidondoka kwenye plagi nyuma ya king'amuzi. Waya wa namna hiyo haukaushwi, unatupwa wote. Nunua wa aina ya RG6 wenye ganda jeusi, funga maungio kwa utepe wa mpira unaojigandisha wenyewe, na kabla waya haujaingia dirishani uache ulegee kidogo kuelekea chini, ili maji yadondokee nje badala ya kuufuata hadi sebuleni. Kama kuna mwembe au mnazi mbele ya antena, uangalie nao, maana majani yaliyolowa huzuia mawimbi ya UHF kuliko makavu.

*Nilifunga busta ili nipate chaneli zaidi, lakini hata zile nilizokuwa nazo zimepungua. (Mkazi wa Mbagala, Dar es Salaam)*

Ulipo, inaelekea mawimbi yalikuwa yanakutosha tangu mwanzo, na busta imeyakuza kupita uwezo wa king'amuzi. Itoe uone. Busta haitengenezi mawimbi ambayo antena haikuyapata: hukuza kilichoingia, pamoja na kelele, na kuongeza kelele yake yenyewe kidogo. Ina faida ya kweli mahali pamoja, nayo ni pale waya ulipo mrefu. Waya wa RG6 wa mita 20 hupoteza zaidi kidogo ya nusu ya nguvu ya mawimbi ya UHF, na busta iliyofungwa juu kabisa, karibu na antena, hufidia hasara hiyo kabla haijatokea. Busta iliyowekwa nyuma ya televisheni inakuza mawimbi yaliyokwisha kuchoka njiani. Na zile antena ndogo za ndani ambazo maboksi yake huahidi kilomita mia mbili na zaidi, rudia hesabu niliyompa mzee wa Upanga, kisha uangalie kimo cha meza yako.

*Sisi tuko bondeni karibu na Lushoto. Tumeinua nguzo mara kadhaa na hakuna kinachobadilika. (Mwalimu, Lushoto)*

Mwalimu, milima ya Usambara inapita mita 2,000, na nguzo ya mita chache haiwezi kuishinda. Mawimbi marefu ya VHF yalikuwa yakijipinda kiasi juu ya kilele na kushuka bondeni, hivyo wazee wa hapo huenda wanakumbuka picha zilizofika kwa shida lakini zilifika. Mawimbi mafupi ya UHF hayajipindi kiasi hicho, na kivuli cha mlima ni kizito zaidi kwao. Kabla ya kukata tamaa, tembea na antena ikiwa imeunganishwa, hata chini, hata upande wa nyuma wa nyumba, ukiielekeza kwenye mteremko ulio mkabala unaopigwa na mawimbi ya mnara, kwani wakati mwingine yanayorudi kutoka kwenye mteremko huo yanatosha.

Yasipotosha, funga dishi. Hapo jiografia inakupendelea: setilaiti za televisheni ziko juu ya ikweta kwa karibu kilomita 36,000, na ile iliyo kwenye longitudo ya nyuzi 36 mashariki, ukiitazama kutoka Lushoto, iko zaidi ya nyuzi 80 juu ya upeo wa macho, karibu utosini. Hakuna mlima utakaoizuia. Ila dishi kubwa la bamba zima linalotazama juu namna hiyo hujaa maji na majani, kwa hiyo litoboe tundu dogo sehemu yake ya chini kabisa.

*Hapa Bukoba radi imeharibu televisheni ya jirani. Je, nguzo yangu ya antena inavuta radi? (Msomaji, Bukoba)*

Eneo la Ziwa Victoria ni mojawapo ya sehemu zenye radi nyingi duniani, na unafanya vyema kuuliza. Nguzo iliyopita paa kwa mita 2 au 3 inaongeza uwezekano wa kupigwa kidogo tu. Madhara mengi huja kupitia nyaya za umeme radi inapopiga mbali, au kupitia waya wa antena inapopiga karibu. Ikiwa nguzo ni ya chuma, iunganishe kwa waya mnene wa shaba, usiozungukazunguka, hadi kwenye fimbo ya ethi iliyozikwa ardhini, na fimbo hiyo iunganishwe na ethi ya nyumba. Usiifunge kwenye bomba la maji la plastiki ukadhani umemaliza.

Hata hivyo, ethi haikingi king'amuzi dhidi ya radi iliyopiga moja kwa moja. Wingu likianza kujikusanya ziwani, chomoa plagi ya umeme na waya wa antena, vyote viwili, na ufanye hivyo kabla ngurumo hazijafika. Zikiwa tayari zimefika, usiuguse waya. Na unaposimamisha nguzo, hakikisha iko mbali na nyaya za umeme za barabarani kwa umbali unaozidi urefu wake wote, ili hata ikianguka isizifikie. Tahadhari hiyo inauhusu mwanzi pia, kwa kuwa mwanzi uliolowa hupitisha umeme.

Barua kuhusu antena za ndani kwenye nyumba zenye nondo za madirisha na paa la mabati zitajibiwa katika toleo lijalo. Mnaotuandikia, tutajieni mji mlipo, aina ya antena, urefu wa waya na kiwango cha ubora kinachoonyeshwa na king'amuzi, kwa sababu bila hayo tutakuwa tunakisia tu.